Akili huondoka kabla ya mwenyewe kujua: Profesa Goldberg, ubongo na ulevi barabarani

  

Ndugu msomaji, wanavyuoni wa elimu ya Usul, akiwemo Imam al-Ghazali, wameitaja akili kuwa miongoni mwa mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, nayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mara nyingi tunaisoma orodha hii kana kwamba kila jambo limesimama peke yake. Lakini yapo mahali ambapo kuharibika kwa moja huyabomoa mengine kwa kitambo cha kufumba na kufumbua, na barabara ni mahali hapo. Dereva akipungukiwa na akili, nafsi huangamia, watoto hubaki mayatima, na mali iliyochumwa kwa miaka huteketea kando ya lami.

Katika makala haya tutaitazama kazi ya mtafiti mmoja wa tiba wa Sweden, Profesa Leonard Goldberg wa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm. Alianza kwa kupima jinsi pombe inavyoudhoofisha ubongo na neva za binadamu, na elimu hiyo ikamfikisha kwenye usukani wa gari na mijadala ya usalama barabarani. Hakuwa mhubiri wala mtunga sheria. Lakini aliyoyapima yanamgusa kila anayepanda gari, awe anakunywa au hajawahi kuonja.

Swali lililokuwa halijajibiwa

Gari lilipoenea Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, mahakama zilikutwa na tatizo zito. Dereva amegonga, polisi wanamtuhumu kwamba alikuwa amelewa, naye anakana. Atathibitishiwa kwa lipi? Desturi ilikuwa kumwita daktari amnuse pumzi, amtazame macho, amwambie atembee juu ya mstari na aguse pua yake kwa kidole. Mtuhumiwa aliyezoea kunywa aliweza kujikaza kwa dakika chache mbele ya daktari akaonekana mzima, na madaktari wawili waliweza kumtazama mtu yule yule wakatofautiana.

Aliyefungua mlango wa kwanza ni Erik Widmark, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lund, kusini mwa Sweden. Mwaka 1922 alitangaza mbinu ya kupima kiasi cha pombe kilichomo katika matone machache tu ya damu, na mwaka 1932 akatoa kitabu kilichoeleza jinsi pombe inavyoenea katika mwili na inavyoondoka. Alionyesha kwamba pombe haiondoki kwa kasi atakayo mnywaji. Kwa mtu wa kawaida hupungua kwa wastani wa gramu 0.15 hivi kwa kila lita ya damu katika saa moja, wengine wakizidi kidogo na wengine wakipungukiwa. Kahawa haiiharakishi, wala kuoga maji baridi, wala kulala.

Sheria zikaifuata elimu hiyo. Mwaka 1934 Sweden iliruhusu dereva anayeshukiwa achukuliwe damu. Mwaka 1936 Norway iliweka kikomo cha promili 0.5, yaani takriban nusu gramu ya pombe kwa lita moja ya damu, na mwaka 1941 Sweden nayo ikaweka kikomo cha promili 0.8.

Hata hivyo swali moja lilibaki. Kipimo cha Widmark kilieleza ni kiasi gani cha pombe kimo katika damu. Hakikueleza ni kiasi gani cha akili kimekwisha kuondoka. Hapo ndipo Goldberg alipoanzia.

Kuupima ubongo

Mwaka 1943 Goldberg alichapisha utafiti mkubwa juu ya uwezo wa binadamu wa kuihimili pombe. Hakutosheka na kumtazama mtu kwa macho na kusema huyu amelewa au hakulewa, bali alitafuta vipimo vya tarakimu kwa kila sehemu ya kazi ya neva.

Alitumia taa inayowaka na kuzimika kwa haraka, akapima ni wakati gani jicho linashindwa kutambua kwamba taa inapepesa, likaiona kama mwanga mmoja uliotulia. Alipima wepesi wa hisi ya ngozi nyembamba iliyo juu ya mboni ya jicho. Aliwasimamisha watu akapima kiasi gani wanayumba. Aliwapa hesabu za kutoa, na karatasi zilizojaa herufi wazikate zile walizoambiwa. Kisha kila jibu alilipanga mbele ya kiasi cha pombe kilichokutwa katika damu ya mtu huyo saa ile ile.

Aliwagawa watu wake kwa mazoea yao: wasiokunywa, wanaokunywa kwa kiasi, na wanaokunywa sana. Ikadhihiri kwamba aliyezoea huanza kuonyesha udhaifu akiwa na kiasi kikubwa zaidi cha pombe katika damu kuliko asiyezoea. Mazoea yanausogeza mbele mwanzo wa udhaifu, lakini hayauondoi. Na kwa kuwa mzoevu hunywa kingi zaidi, hukifikia kizingiti chake na kukivuka.

Liko jambo jingine lililokwisha kuguswa na mtafiti Mwingereza, Edward Mellanby, mwaka 1919 alipomchunguza mbwa, nalo likaonekana katika vipimo vya Goldberg kwa binadamu. Kwa kiasi kile kile cha pombe katika damu, udhaifu huwa mkubwa wakati kiasi hicho kinapopanda kuliko wakati kinaposhuka. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kujihisi ana nafuu ilhali damu yake bado imebeba pombe nyingi. Hisia za nafsi hutangulia, na damu hufuata nyuma polepole.

Elimu ya ubongo ya miaka iliyofuata imetupa sababu zake. Neva huwasiliana kwa kemikali. Ipo iitwayo gaba, ambayo kazi yake ni kutuliza, na ipo iitwayo glutameti, ambayo kazi yake ni kuamsha. Pombe huitia nguvu ile ya kutuliza na kuizuia ile ya kuamsha. Ubongo wa nyuma, unaopanga mizani ya mwili, hulegea, na mtu huyumba. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo hupima hatari na kumzuia mtu asifanye jambo la kipumbavu, nayo hulegea. Na sehemu hiyo ndiyo ambayo mtu huitegemea kujihukumu mwenyewe. Kwa hiyo pombe hudhoofisha kazi, na papo hapo humdhoofisha msimamizi wa kazi.

Madereva hodari uwanjani

Mtu angeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya maabara, na kwamba dereva mwenye uzoefu wa miaka mingi hawezi kuangushwa na kiasi kidogo. Goldberg aliiweka hoja hiyo katika mizani. Yeye na mwenzake Kjell Bjerver waliwachukua madereva hodari, wakawapa pombe, wakawatia katika majaribio ya kuendesha gari kwa vitendo, huku wakiwapima pia kwa ile taa ya kupepesa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950.

Waliona kwamba utendaji wa madereva wale ulishuka kwa kadiri ya asilimia 25 hadi 30. Kizingiti ambapo udhaifu ulianza kuonekana kilikuwa promili 0.35 hadi 0.40. Tafakari tarakimu hiyo, ndugu msomaji. Wakati ule sheria ya Sweden ilikuwa ikimwachia dereva hadi promili 0.8. Dereva hodari alikuwa akianza kupungukiwa katikati ya njia ya kukifikia kikomo, na sheria ilikuwa bado ikimhesabu kuwa mzima.

Miaka minane baadaye, mwaka 1958, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitoa habari za jaribio walilowafanyia madereva wa mabasi. Waliwekewa nguzo mbili, wakaulizwa kama wanaweza kulipitisha basi baina yake, kisha wakaambiwa wajaribu. Baada ya kunywa, wapo waliokuwa tayari kulipeleka basi katika nafasi iliyokuwa nyembamba kuliko basi lenyewe. Hawa ni watu ambao kuyapitisha mabasi njiani ndiyo iliyokuwa kazi yao. Mikono yao ilikuwa bado inaujua usukani. Kilichokuwa kimeondoka ni kipimo cha hatari.

Damu imesafika, kichwa bado

Mwaka 1956 Goldberg alishirikiana na watafiti wenzake watatu, Aschan, Bergstedt na Laurell, katika utafiti juu ya macho. Ndani ya sikio la mwanadamu mna mifereji midogo yenye maji, ambayo huuarifu ubongo kichwa kimeelekea wapi. Pombe inapoingia humo, mizani huvurugika, na macho ya mtu aliyelala ubavu huanza kuteleza na kurudi bila ya yeye kukusudia.

Awamu ya kwanza ya kuteleza huko huanza nusu saa hivi baada ya kunywa, hudumu saa chache, kisha hutulia. Mtu akaitakidi kwamba yamekwisha. Halafu huja awamu ya pili, macho yakiteleza kwa upande wa kinyume, na awamu hiyo huweza kuendelea kwa saa kadhaa baada ya pombe kwisha katika damu. Sababu yake ilikuja kufahamika baadaye, kwamba pombe ni nyepesi kuliko maji, nayo huingia na kutoka katika sehemu za sikio la ndani kwa nyakati mbalimbali, na uzito wa sehemu hizo ukatofautiana.

Funzo lake ni zito kwa anayesema, "Nililewa jana, leo nimeshaamka." Hata siku ambayo kipimo cha damu kimefika sifuri, kiungo kinachoshika mizani ya mwili kinaweza kuwa bado hakijarejea katika hali yake.

Kutoka maabara hadi sheria

Mwaka 1950 mji wa Stockholm ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya pombe na usafiri wa barabarani. Goldberg aliwasilisha humo mada juu ya uhimilivu wa wanaokunywa kwa kiasi na wanaokunywa sana, na maana yake kwa usalama wa barabarani. Miaka 30 baadaye, mwaka 1980, mkutano wa nane wa mfululizo huo ulirudi Stockholm, na ni yeye aliyehariri vitabu vya mada zake vilivyotoka mwaka 1981. Wakati huo uwanja ulikuwa umepanuka ukaingia dawa za kulevya na dawa za hospitali. Goldberg mwenyewe alikwisha kuandika mwaka 1968, katika jarida la Umoja wa Mataifa juu ya mihadarati, habari za matumizi mabaya ya dawa nchini Sweden.

Katika kipindi hicho ushahidi uliongezeka kutoka pande nyingine. Marekani, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Robert Borkenstein, aliyekuwa polisi kabla ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu, na ambaye mwaka 1954 alibuni chombo cha kupima ulevi kwa pumzi, aliongoza uchunguzi wa miaka ya 1962 na 1963. Madereva takriban 6,000 waliopata ajali walilinganishwa na zaidi ya 7,500 waliopita mahali kama hapo bila ya ajali. Ripoti ya mwaka 1964 ilionyesha kwamba dereva mwenye promili 1.0 alikuwa katika hatari ya kusababisha ajali zaidi ya mara 6 kuliko asiyekunywa, na mwenye promili 1.5 alikuwa katika hatari ya mara 25 hivi.

Nchi zikazitazama upya sheria zao. Sweden iliteremsha kikomo kutoka promili 0.8 hadi 0.5 mwaka 1957. Uingereza iliweka kikomo chake cha kwanza cha tarakimu, miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, mwaka 1967. Na mwaka 1990 Sweden ikashuka tena hadi promili 0.2. Hapana mtu mmoja anayeweza kusema kwamba mabadiliko haya ni yake peke yake. Lakini mwenye kuzifuata tarakimu ataona kwamba sheria ilikuwa ikitembea polepole kuelekea pale ambapo vipimo vya maabara vilikwisha kufika.

Hapa panahitaji uangalifu. Kikomo cha sheria hakina maana kwamba kilicho chini yake hakidhuru. Ni mstari ambao hakimu anaweza kuusimamia. Sisi Waislamu mlango huu tumefungiwa tangu mwanzo, na kanuni ya mafakihi inajulikana, kwamba kinacholevya kwa wingi wake, uchache wake nao ni haramu. Hatuhitaji maabara ituhalalishie wala ituharamishie. Lakini katika hatua za kuharamishwa kwa pombe palikuwa na katazo la kuikaribia sala katika hali ya ulevi, na kigezo kilichowekwa ni mtu kujua anachokisema. Mwenye kukitafakari kigezo hicho, kisha akavitazama vipimo vya Goldberg vya hesabu na herufi, ataona kwamba swali la kama mtu anajua alitendalo ni zito, na kwamba mwenye kuulizwa si shahidi wa kutegemewa juu ya nafsi yake.

Sisi hatunywi, yanatuhusu nini?

Huenda msomaji akasema kwamba nyumbani kwake pombe haiingii. Alhamdulillah. Lakini barabara haina madhehebu. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walifariki dunia kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali ndizo zilizoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Wengi wa waliokufa hawakuwa wamekunywa chochote. Walikuwa abiria, waenda kwa miguu, na wapanda baiskeli na pikipiki.

Katika ripoti ya WHO ya mwaka 2018, kikomo cha jumla cha Tanzania kimeorodheshwa kuwa gramu 0.08 kwa mililita 100 za damu. Hicho takriban ndicho kile kile cha promili 0.8 ambacho Sweden ilikiweka mwaka 1941 na kukiacha mwaka 1957. Shirika hilo linapendekeza gramu 0.05 kwa madereva wote, na 0.02 kwa vijana na wanaoanza kuendesha.

Sasa tuifanye hesabu ya Widmark kwa safari zetu wenyewe. Dereva ameacha kunywa, na saa 6 za usiku damu yake ina promili 1.2. Analala. Saa 12 alfajiri anaamka, ananawa uso, anakunywa chai ya tangawizi na kuwasha gari. Zimepita saa sita, na katika kila saa imeondoka promili 0.15 hivi, jumla 0.9. Imebaki 0.3. Hanuki sana, hayumbi, anasalimia vizuri, naye anaamini kwa dhati kwamba yu mzima. Lakini kwa sheria ya Sweden ya tangu mwaka 1990 huyu ni mkosaji, na yu karibu na kizingiti kilichowashinda madereva hodari wa mwaka 1950. Nyuma yake wamekaa akina mama na watoto wanaokwenda msibani au harusini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, yako mambo ambayo familia inaweza kuyafanya. Kwanza, tuache kumpima dereva kwa sura na maneno. Kauli ya "mimi niko sawa" ni dai, na dai huhitaji bayana. Tukimtilia shaka tuna haki ya kuuliza, kukataa kupanda, na kuwaarifu polisi wa usalama barabarani, na hiyo ni sehemu ya kukataza maovu. Pili, tuviunge mkono vipimo vya pumzi pale vinapotumika kwa uadilifu, tusivione kuwa ni kero ya kutuchelewesha. Tatu, tuwafunze vijana wetu wa bodaboda kwamba mzoevu naye hufeli, ila hufeli akiwa amejiamini. Nne, tusijisahau sisi wenyewe. Zipo dawa halali kabisa, za mafua, za mzio na za usingizi, ambazo huchosha ubongo. Anayezinywa amuulize mfamasia kabla ya kushika usukani.

Wala asijifariji mtu kwamba hakukusudia. Katika sheria yetu kuua bila ya kukusudia nako kuna dhamana yake, diya na kafara. Kama hivyo ndivyo kwa aliyeteleza akiwa na akili zake, basi aliyeiondoa akili yake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaketi mbele ya roho za watu 50, na ajitazame atasimama na udhuru gani.

Goldberg na wenzake walitumia miaka mingi kuthibitisha kwa taa, kwa herufi na kwa matone ya damu kwamba akili huanza kuondoka kimya kimya, mwenyewe akiwa hana habari. Elimu hiyo imeshapatikana, na haihitaji kugunduliwa upya kwa jeneza jingine. Tumwombe Allah atuhifadhie akili zetu na za wanaotubeba, awarehemu waliotutangulia kwa ajali, na awape subira waliobaki nyuma yao. Amin.